Ndoo Nyekundu kwenye Foleni ya Jumanne

Vijana wangu, ninyi mnaogawa chakula siku hizi mna mizani ya umeme na vifurushi vilivyofungwa kiwandani, kwa hiyo huenda mtaona ninayoyasema ni ya kizee. Haidhuru. Mimi nimegawa unga, maharagwe na mafuta kwa miaka mingi katika ukumbi mmoja karibu na Warwick Junction, hapa hapa Durban, na nimefanya karibu kila kosa ambalo mtu anaweza kulifanya akiwa na kopo mkononi. Kina mama wa Kikongo waliokuja kupokea chakula waliniita Papa Kopo. Jina langu ni Bakari, lakini ilifika mahali hata mke wangu akaniita Kopo, hasa akiwa amenikasirikia.

Nianze na maharagwe, maana ndiyo yanayoaibisha watu. Ukiletewa gunia, kabla hujatia sahihi, liwekee sikio. Ukisikia kitu kinachakarisha ndani, hao ni wadudu, na gunia lirudi lilikotoka. Usiposikia kitu, chukua konzi moja, mimina kwenye maji. Yanayoelea yameliwa zamani. Na unga nao una adabu yake: ukilisukuma kopo kutoka juu utaushindilia, wa kwanza atapata mwingi na wa mwisho atapata vumbi. Chota kwa ubavu, polepole, halafu pitisha kijiti juu ya mdomo wa kopo. Kijiti changu kilikuwa mpini wa mwiko uliovunjika, na kwa miaka yote hiyo sikumwazima mtu.

Haya alinifundisha Bi Salma, mpishi mkuu wa ukumbi. Alikuwa mtu wa kwetu Chatsworth, amepika miaka ishirini katika jiko la hoteli, na ulimi wake ulikuwa na pilipili kuliko mchuzi wake. Siku ya kwanza aliniambia, "Bakari, ukipima tazama kopo. Usitazame uso. Ukitazama uso, mwenye tabasamu atapata la kujaa, aliyenuna atapata la kupungua, na wote wawili wana watoto." Nililishika neno hilo. Nilipima kwa macho ya chini mpaka nikawajua watu kwa viatu vyao.

Lakini hata mwenye mwalimu mzuri huchemsha. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua mfuko wa supu ya unga ya kuku nikaumimina ndani ya pipa la maziwa ya unga. Vyote vilikuwa vyeupe-vyeupe, na mimi nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Kisha nikaona nimekosea, na badala ya kusema, nikachota kile cha juu nikakirudisha ndani ya gunia la maziwa, nikidhani nimeficha. Nikawa nimeharibu na gunia zima. Jumanne iliyofuata Mama Neema, mwanamke wa Bukavu mwenye sauti ya kufukuza mbwa, alisimama mbele yangu akasema, "Papa Kopo, mutoto wangu amekunywa maziwa ya kuku. Sasa anataka kutaga." Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka, lakini ofisi iliyokuwa ikituletea chakula haikucheka. Wakaleta kanuni mpya, imechapwa, wakaibandika mlangoni: chakula kikishatoka guniani hakirudi guniani, na atakayekimwaga aandike sababu na kutia sahihi. Ikumbukeni kanuni hiyo, imezaliwa na ujinga wangu mwenyewe.

Sasa niwaeleze foleni ya Jumanne ilivyokuwa, maana ninyi mmezoea namba za kwenye simu. Wanawake hawakusimama. Walikuja asubuhi mapema, kila mmoja akaweka chombo chake sakafuni, beseni nyuma ya sufuria, sufuria nyuma ya ndoo, mstari ukazunguka ukumbi mpaka uani. Halafu wakaenda kazini kwao: huyu anasuka nywele kule karibu na stendi ya teksi, yule anauza viazi sokoni, mwingine anafua nguo Queensburgh kwa nusu siku. Wakirudi saa nne, kila chombo kiko pale pale. Ilikuwa haramu kusogeza chombo cha mtu. Aliyejaribu alifukuzwa na wanawake wote, na wiki ile hakula. Bi Salma alikuwa na mtindo wake wa zamani: mimi napita na gari la magurudumu, najaza vyombo vyote kimoja baada ya kingine, na wenyewe wakirudi wanaonyesha kadi zao wakati wa kunyanyua. Baadaye ofisi wakasema sivyo, kadi kwanza, chakula baadaye. Tukabadilisha, na foleni ikawa ndefu mara mbili.

Kanuni za miaka ile zilinichanganya, na sioni haya kusema. Nchi ilikuwa mpya, ubaguzi wa rangi umeondoka juzi tu. Juu ya mizani yetu palikuwa na bango la katiba mpya linalosema watu wote ni sawa na hakuna wa kubaguliwa, na chini ya bango palikuwa na karatasi ya ofisi inayosema Jumanne ni wanawake wenye familia, wanapata kifurushi cha kwenda kupika nyumbani. Alhamisi ni wanaume wasio na familia, wanapata bakuli la supu na mkate, wanakula hapo hapo. Mgonjwa mwenye barua ya kliniki alipewa kifurushi na unga wa uji wenye nguvu juu yake, katika siku ya jinsia yake. Na barua ya kliniki ilitakiwa ilingane na hati ya serikali, kwa jina na kwa jinsia. Zisipolingana, hakuna kifurushi. Mimi nilizisoma zote, ya juu na ya chini, nikaona kila moja ina maana ikiwa peke yake.

Ndipo Furaha akaja.

Alikuja Jumanne moja na ndoo nyekundu, mfuniko wake umefungwa kwa kipande cha kitenge. Niliona viatu kwanza: ndala za bluu, kucha zimepakwa rangi vizuri, miguu mikubwa. Sauti ilikuwa ya chini na yenye kikohozi. Akanipa karatasi mbili. Ya kliniki ilisema Furaha, mwanamke, anatibiwa kifua kikuu, anywe vidonge kila siku kwa miezi sita na ale vizuri. Ya pili ilikuwa hati ya muomba hifadhi. Ilikuwa na jina la kiume na kwenye jinsia palikuwa na herufi M ya Kiingereza, yaani mwanamume. Jina hilo sitalitaja, mwenyewe hakulipenda.

Nikaziangalia. Nikazigeuza. Nikaziweka sambamba juu ya gunia nikazisoma tena.

"Hii hati ni ya kaka yako," nikamwambia. "Umechukua hati ya kaka yako kwa makosa."

"Hapana, Papa. Ni yangu."

"Basi barua ya kliniki ni ya nani?"

"Ni yangu pia. Zote mbili ni mimi. Hii jina ingine wazazi walinipatiaka. Mi naitwa Furaha."

Nyuma yake Mama Neema akasema, "Papa Kopo, pima tu. Iko dada yetu. Anaishi kwangu." Na mimi nikainua macho haraka nikayashusha haraka, nikahisi masikio yanawaka. Vijana, sitajifanya mjuzi. Sikuelewa. Nilikuwa nimesikia watu wa namna hiyo wapo, kama mtu anavyosikia kuna theluji milimani, lakini sikuwahi kuwaza kwamba mmoja wao atakuja kwenye foleni yangu akitaka maharagwe. Nilijiuliza nimwandike wapi. Nilijiuliza nimwite nani. Nikaishia kumwita "ndugu," neno ambalo halimgusi mtu popote, naye akanitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole na hataki kusema.

Nikamuuliza kwa nini asirudi kliniki abadilishiwe barua iandikwe mwanamume, mambo yakaisha. Akasema nesi aliandika alichokiona, na alimshukuru. Katika kliniki ya kwanza walimweka kwenye benchi la wanaume, huko akafanyiwa maneno na mikono mpaka akakimbia bila dawa. "Nikirudi benchi ile," akasema, "siendi tena."

Basi mimi na akili yangu nikatengeneza njia. Nikamwambia aje Alhamisi, avae suruali, afunge kitambaa mdomoni kwa ajili ya kikohozi, aonyeshe hati tu, asionyeshe barua. Kifurushi hatapata, lakini supu atapata. Nilijiona hodari. Nikaenda jikoni, nikamweleza Bi Salma nilivyotatua jambo. Yeye alikuwa anakata vitunguu, na hakuinua kichwa. "Suruali," akasema. "Yaani mtu hana chakula, na wewe umempa suruali."

Alhamisi alikuja. Nilimwona kupitia dirisha la stoo. Suruali ilikuwa ya mume wa Mama Neema, imekunjwa kiunoni, na ndoo nyekundu iko mkononi, nadhani kwa mazoea, maana supu ya Alhamisi haikubebwa. Wanaume wa Alhamisi hawakuwa watu wabaya kuliko wengine. Walikuwa na njaa na hawakuwa na la kufanya. Mmoja alipiga mluzi. Mwingine akauliza kwa sauti kama ni shangazi au mjomba. Wa tatu akamvuta kitambaa cha mdomoni, kikaanguka. Furaha alikiokota, akakikung'uta vumbi, akatoka na ndoo yake tupu.

Nami nilifanya nini? Nilikuwa napima chumvi. Niliendelea kupima chumvi. Nilijiambia kwamba nikitoka nitaongeza fujo, na nikapitisha kijiti changu juu ya kopo, sawasawa kabisa. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, maziwa ya kuku si kitu. Nalionea aibu mpaka leo.

Jumanne ya kwanza baada ya hapo hakuja. Ya pili hakuja. Siku hiyo ya pili Mama Neema alipofika mbele hakunipa kadi. Aliweka beseni lake juu ya gunia, akaegemea.

"Papa Kopo, weye uko na kichwa nguvu. Unajua hii dawa ya kifua inaomba chakula? Asubuhi anameza, tumbo iko bure, inamuunguza, anatapika. Mi namupatia kidogo ya kwetu, lakini tuko batu saba ku chumba moja. Saluni hawezi kusimama, na pale usiposuka hauli. Juzi amesema basi, anaacha dawa."

"Akiacha, ugonjwa utarudi mkali," nikasema. Hilo nililijua, bango lake lilikuwa ukutani pia.

"Eish, ile hata mutoto anajua. Atakufa kwa sababu ya hii herufi yako."

"Si herufi yangu, mama. Mimi sikuiandika."

"Hukuandika," akasema. "Lakini weye ndiye unaisomaka."

Siku yangu ya mapumziko nikavaa shati zuri nikaenda ofisini kuuliza. Meza ya kwanza waliniambia nifuate hati, maana hati ni ya serikali. Meza ya pili waliniambia nifuate barua, maana mgonjwa ni mgonjwa. Nikauliza hati yenyewe inabadilishwaje. Bwana mmoja mpole, mwenye miwani, akanieleza kwamba kwa wenyeji ilikuwako sheria ya zamani ya kubadilisha jinsia kwenye karatasi, ikafutwa miaka michache nyuma, na nyingine haijatungwa. Kwa wageni waomba hifadhi hata wao wenyewe hawakujua. Nikamwuliza, na katiba je? Akatabasamu, akasema katiba iko upande wake kabisa. Nikauliza, basi nimpe unga? Akasema la, unga una fomu yake. Nikarudi Chatsworth ndani ya basi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka, na barua yao mfukoni inayoniomba niandike barua.

Kilichonisumbua zaidi ni hiki. Mimi ni mtoto wa Wazanzibari wa Durban. Nilipokuwa mdogo tulikaa Bluff, na serikali ya enzi ya ubaguzi ilikuwa imetuandika watu weusi. Halafu wakubwa wakakaa, wakaandika tena, tukawa Waasia wa aina nyingine, tukahamishiwa Chatsworth. Marehemu baba alipenda kusimulia kwamba tulipanda lori tukiwa watu wa aina moja, tukashuka tukiwa wa aina nyingine, na njiani hakuna aliyehisi kitu. "Kesho yake," alikuwa akisema, "nilinyoa ndevu zile zile." Tulicheka kila mara. Sasa mimi, mtoto wa mtu huyo, ninayejua tangu utotoni kwamba karatasi husema lolote inaloambiwa, ilikuwaje nikaiamini karatasi kuliko mtu aliyesimama mbele yangu anakohoa? Nilijiuliza usiku na mchana. Labda nilipenda karatasi kwa sababu haikuniangalia. Na nilikuwa naogopa pia. Nilimwogopa mkaguzi wa ofisi aliyekuja kutukagua, niliogopa kupoteza kazi, nilimwogopa Mungu, na sikujua lipi kati ya hayo ni hofu ya haki.

Jumanne iliyofuata niliingia ukumbini nikakuta vyombo vimepangwa kama kawaida. Na kati ya beseni la Mama Neema na sufuria nyeusi ya mwanamke mwingine, imekaa ndoo nyekundu. Mwenyewe hayuko. Ndoo tu, mfuniko umefunguliwa, kitenge kimefungwa kwenye mshikio wake.

Siku hiyo hiyo mkaguzi akawa amekuja. Alikuwa mama wa makamo, mkali lakini si mwonevu, na kalamu yake ilining'inia shingoni kwa kamba. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango kusubiri wanawake warudi.

Mpaka hapa nawaambia mambo ninayoyajua. Yanayofuata siyajui vizuri ingawa niliyafanya mwenyewe. Nilipaswa kungoja kadi. Badala yake nikalishika gari la magurudumu nikaanza kujaza vyombo, kwa mtindo wa zamani wa Bi Salma, macho chini, kopo kwa kopo. Mkaguzi akauliza mbona naanza mapema. Nikasema foleni ni ndefu leo. Nilijaza beseni la Mama Neema. Nikajaza ndoo nyekundu: unga, maharagwe, maziwa, chupa ya mafuta, na unga wa uji juu. Nikajaza sufuria nyeusi. Watu waliniuliza baadaye kama nilipanga, na Bi Salma alinisifu kwa werevu ambao sina hakika ni wangu. Nafikiri nilikuwa nimechanganyikiwa tu, na mikono yangu ikarudi kwenye kazi iliyoijua kwanza.

Wanawake wakarudi. Mkaguzi akaangalia kadi moja moja, kila mtu akanyanyua chake. Sufuria nyeusi ikaondoka. Beseni likasogezwa kando. Ikabaki ndoo nyekundu, imejaa, katikati ya sakafu.

"Hii ya nani?"

Furaha alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kimemzunguka mara mbili, na Mama Neema amemshika kiwiko. Akatoa karatasi zake mbili. Mkaguzi akaziangalia, akazigeuza, akaziweka sambamba. Nikajiona mimi mwenyewe.

"Hazilingani," akasema. "Hawezi kupewa. Rudisha guniani."

Nikanyoosha kidole mlangoni, kwenye kanuni ya maziwa ya kuku. Akasoma. Alikuwa ameibandika yeye mwenyewe.

"Basi mpe mwingine."

Walikuwapo wanawake kama arobaini mle ndani, na wengine wao, nawaambia ukweli, hawakumpenda Furaha. Mmoja alikuwa ameniambia wiki zile kwamba nikimlisha mtu yule naita laana. Lakini mkaguzi alipomgeukia yeye na kumwambia achukue, yule yule akarudi nyuma hatua mbili na kuficha mikono ndani ya kitenge. "Hapana, mama," akasema. "Chombo cha mutu ku foleni hakiguswe." Akamgeukia wa pili, akatikisa kichwa. Wa tatu akatazama dari.

"Basi imwagwe," mkaguzi akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu tena.

"Sawa," nikasema, nikamletea karatasi. "Kanuni inasema anayemwaga aandike sababu na kutia sahihi."

Akashika kalamu. Akaiangalia ile ndoo, akamwangalia Furaha ambaye wakati huo alikuwa anakohoa ndani ya kiganja chake, akaliangalia bango la katiba juu ya mizani. Alitafuta sababu ya kuandika. Nilimwona anaitafuta kwa haki kabisa, kama nilivyoitafuta mimi ndani ya basi. Midomo ilitembea kidogo, halafu ikaacha.

Ndipo Bi Salma akatoa kichwa jikoni. "Bibi mkaguzi," akaita, "chai iko tayari, na leo nimetia tangawizi. Ikipoa haifai."

Mkaguzi akaifunga kalamu yake. "Nitakunywa chai," akasema, "nikirudi nataka sakafu iwe safi." Akaingia jikoni na kufunga mlango nyuma yake.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Furaha alikuja akajaribu kuinyanyua ndoo, ikamshinda, Mama Neema akashika upande mmoja. Mimi nilifagia mahali ilipokuwa imekaa, ingawa hapakuwa na uchafu.

Tangu hapo ndoo nyekundu ilikaa kwenye foleni kila Jumanne, na mimi nilijaza kwanza, kadi baadaye. Mkaguzi alikuja mara kadhaa, na kila mara ilipofika zamu ya ile ndoo alikumbuka chai. Hakuniambia kitu, nami sikumwuliza. Sikujua kama tunafuata sheria au tunaivunja, na nadhani hata yeye hakujua. Furaha alirudia vidonge. Ilibidi aanze upya, miezi ile yote tangu mwanzo, kwa sababu ya wiki alizokosa, na wiki hizo nilimpotezea mimi. Polepole ndala za bluu zikaanza kukanyaga kwa nguvu. Rangi ya kucha ikarudi. Nikasikia anacheka na wenzake uani, anamsuka Mama Neema huku wanangoja, anamsengenya Papa Kopo na kijiti chake. Bado nilimwita "ndugu," na bado nilitazama kopo.

Halafu ikafika Jumanne moja, ndoo haikuwa kwenye mstari. Nilipita na gari kwenye nafasi ile kati ya beseni na sufuria, nikasimama na kopo lililojaa mkononi nisijue nilimimine wapi. Niliogopa. Nikamaliza foleni nikiwa nimepima vibaya, wengine wakapata zaidi, sikujali.

Alikuja mwisho, watu wameshaondoka. Ndoo ilikuwa mkononi, tupu. Akanipa barua mpya ya kliniki, nikaisoma pale pale. Ilisema amemaliza dawa, kifua ni safi, amepona. Na chini, kwa mhuri, ilisema hahitaji tena chakula cha mgonjwa.

"Nimepona, Papa Kopo," akasema.

"Alhamdulillahi," nikasema, na nilimaanisha.

"Sasa banasema si mgonjwa, sina barua. Na ile hati iko vile vile. Sina mutoto, sina bwana." Alikuwa anacheka kidogo, lakini si kicheko. "Nilipokuwa nakufa nilikuwa na haki ya kula. Sasa niko muzima, nafanya je?"

Vijana, nilitafuta kanuni. Nilitafuta kichwani karatasi zote, ya mlangoni, ya ukutani, ya mfukoni. Hapakuwa na hata moja iliyomjua mtu huyu akiwa mzima. Nikachoka kutafuta. Nikainua macho, na kwa mara ya kwanza katika miezi yote hiyo nikamtazama usoni, bila haraka. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na wanja aliopaka kwa uangalifu, na macho ya mtu aliyelala vizuri jana yake. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Angeweza kuwa binti yangu.

Sikujua nitaijaza kwa kanuni gani, wala kwa muda gani kabla hawajanifukuza. Nikamwambia, "Jumanne ijayo usichelewe kuiweka kwenye foleni, dada Furaha."

Akaniangalia kuona kama nimekosea neno. Halafu akavuka ukumbi, akaitua ndoo nyekundu chini, wiki nzima kabla ya siku yake, mahali ambapo Mama Neema huweka beseni.

Wiki nzima ilikaa pale, na hakuna aliyeigusa.